Kiwiko hakinyooki baada ya plasta? Kwa mchuaji usiende!

Umeandika kwamba plasta imetolewa na kiwiko chako hakinyooki. Futa hiyo miadi ya mchuaji. Nimesoma mpaka pale shemeji yako anapotaka kukupeleka kwa mchuaji Ijumaa akakivute kiwiko "mpaka kilie", nikashindwa kuendelea.

Mimi nilianguka na bodaboda kwenye mteremko wa feri, Likoni, kiwiko cha kulia kikateguka. Plasta ilipotolewa, mkono umekunjika kama ndoana. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, akaniambia: kunja na kunyoosha mwenyewe, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na mtu asikulazimishe. Nikaona huyu ananichezea. Nipande tuktuk, nilipe, nikakunje mkono ninaoweza kuukunjia kitandani?

Basi nikapelekwa kwa "fundi". Mafuta ya simsim ya moto, goti lake juu ya mkono wangu, halafu anavuta. Nalia, ananiambia maumivu ndiyo dawa. Asubuhi kiwiko kimevimba, kinapiga moto, kinakunjika chini ya jana. Na mimi, hayawani, narudi! Mara sita. Nyumbani akaniagiza nibebe ndoo ya lita 20 ili uzito unyooshe. Laiti ningemmwagia hayo maji.

Baada ya miezi miwili, eksirei ikaonyesha kama wingu jeupe mbele ya kiwiko. Mfupa, ndani ya msuli! Daktari akanieleza kwamba msuli wa pale ukishaumia, kuuchua na kuuvuta kwa nguvu kunaweza kuufanya ujenge mfupa ndani yake. Yaani nilikuwa namlipa mtu anipandie mfupa. Na kuuondoa si kesho. Unangojewa ukomae kwanza, miezi, ndipo upasuaji ufikiriwe.

Siku hizi harusini mkono haufiki mdomoni. Kwenye sinia ya pilau nainamisha kichwa kama kuku anywaye maji, wenzangu wanadhani nina adabu sana.

Kiwiko kinasogezwa na misuli yako mwenyewe. Kaa mezani, kunja mpaka uhisi kimekaza, si mpaka utoe machozi, shikilia kidogo, nyoosha. Geuza na kiganja juu na chini. Kesho yake kikivimba, umezidisha, punguza. Hata fizio akikushika, akuongoze tu, asikuvute. Ndoo mwachie shemeji.

  Umeshampigia shemeji?