Yaya anajibu: Nataka kucheza ngoma na Wajapani, watanipokea?

*Yaya, jambo sana. Nina miaka 24, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa nne naenda Tokyo kusoma miaka miwili. Tangu utoto nimekuwa katika korali, naimba na kucheza, na sitaki kule nimalize siku zangu kati ya chumba na darasa tu. Nimeona video ya Awa Odori, wale wanawake wenye kofia za majani wanaocheza mikono juu, ikanishika kabisa. Je, wanapokea mgeni, tena Mwafrika ambaye Kijapani chake ni salamu mbili? Halafu mama anasema ile ni ngoma ya wafu, Mkristo asiiingilie. Nifanye nini?*
*Mwana wa Katuba*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili nikicheka, maana hiyo kofia ya majani imenitoa jasho miaka miwili. Nilisoma Tokyo, nikacheza na kikundi kimoja cha mtaa wa Koenji. Jina lake naliacha, utaona kwa nini.

Watakupokea. Hilo lisikunyime usingizi. Kikundi wanakiita ren, na katika kile changu alikuwamo muuza samaki, mwalimu, bibi wa miaka 70 na watoto wa shule. Uliza kama unaweza kuja kutazama mazoezi, kisha uende kweli, ukae pembeni, uvue viatu pale wanapovua wao. Kijapani kitakuja. Mwanzoni maneno mawili yalinitosha: ukiingia, "yoroshiku onegaishimasu", yaani najiweka mikononi mwenu, ukitoka, "otsukaresama", ambayo ni pole na kazi yetu ileile.

Kazi iko kwenye miguu. Mdundo ni wa mbili tu, moja-mbili, moja-mbili, lakini mkono wa kulia unatoka pamoja na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto. Jaribu sasa hivi, toka mlangoni hadi kwenye mbabula: utatembea kama mtu aliyesahau kutembea. Sasa inua mikono juu ya kichwa, simama kwenye ncha za mbele za viatu vya mbao, geta, na uwe sawasawa na wanawake walio mbele, nyuma na pembeni yako. Wanaume wao huinama, magoti yamekunjwa, na wana nafasi ya kuchezacheza. Sisi wanawake tunakwenda kama mwili mmoja.

Hapo ndipo nilipoanguka. Wiki ya tatu ngoma kubwa, filimbi na shamisen vilinipanda (shamisen ina nyuzi tatu na tumbo la ngozi, mtu aliyekulia karibu na karindula, banjo yetu ya ngozi, hawezi kutulia akiisikia), nikaongeza mabega kidogo, ya kwetu. Kiongozi akapiga makofi, akasema "subarashii", ajabu sana! Nikafurahi. Wiki iliyofuata nikajikuta mstari wa nyuma kabisa, na hakuna aliyenieleza lolote. Nilikasirika mwezi mzima. Mpaka leo naona wangeniambia tu, lakini nawe jua mapema: sifa za kule zisikilize mara mbili. Mabega yako yaweke kwa ajili ya kula pamoja baada ya mazoezi. Pale wenyewe watakuomba. Kama hunywi pombe, agiza chai ya oolong, hakuna atakayekusumbua.

Jambo lingine ni yukata, lile vazi la pamba. Upande wa kushoto uje juu ya wa kulia, daima. Mimi siku moja nilifunga kinyume, nikaona mabibi wawili wananirukia kama nimeshika moto. Kinyume ndivyo wanavyomvika maiti.

Ambayo inanirudisha kwa mama yako. Hajakosea. Awa ni jina la kale la Tokushima, kwenye kisiwa cha Shikoku. Huko ngoma hii ina karne nne hivi, na huchezwa tarehe 12 hadi 15 Agosti, majira ya Obon, siku ambazo Wajapani hukumbuka wafu wao. Lakini ile ya Koenji ilianza 1957: vijana wa wenye maduka walitaka kuvuta wateja, na kwa kuwa hawakuijua vizuri waliiita "ngoma ya wajinga". Leo huchezwa mwishoni mwa Agosti, na wachezaji hufika kama 10,000. Mimi ni Mmetodisti. Wenzangu walipopita hekaluni kuinamisha vichwa, nilibaki nje nikishika mifuko yao, wakanishukuru kwa mifuko. Mweleze mama hivyo hivyo, na usimfiche neno Obon. Akilisikia kwa mtu mwingine itakuwa vita.

Usitegemee kucheza barabarani Agosti ya kwanza, miezi minne ni michache. Hiyo Agosti jitolee kubeba maji na taa. Kama hamu inakuzidi, panda basi la usiku uende Tokushima: wana niwaka-ren, kikundi cha yeyote anayefika, wanakufundisha hatua kidogo na unaingia nao palepale.

Na nywele. Kofia ile, amigasa, inakaa kwenye fundo la nywele na kufungwa kwa kamba kidevuni, imeinama mbele hadi machoni. Mimi nilikwenda na rasta nene, kofia ikasimama kama paa la kibanda, ikabidi nifumue usiku kucha. Suka mistari myembamba, fundo dogo kisogoni. Kati ya vidole vya miguu, bandika plasta kabla ya kuvaa geta. Usingoje mpaka damu itoke.