Nilichojifunza kuhusu kanzidata kwenye kituo cha maziwa, Tanga

Bibi alikuja na kadi yake kaifunga kwenye pindo la kanga. Akaifungua juu ya meza yangu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, maziwa yangu ya siku kumi na tano yameliwa na nani?"

Kadi ilikuwa sawa kabisa. Asubuhi lita sita, jioni nne au tano, na saini ya karani pembeni. Kwenye kompyuta yangu, bibi huyo hakuwa akidai hata shilingi. Fedha zake zilikwenda kwa mama wa kijiji cha pili mwenye jina kama lake, la kwanza, la baba hadi la babu.

Kituo kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tanga, upande wa Pongwe, na mfumo niliutengeneza mimi. Nilikuwa nimejifunza amri za SQL, lugha ya kuuliza na kubadilisha taarifa kwenye kanzidata, usiku kwa miezi mitatu, chumbani kwangu Ngamiani, nikaamini kwamba kanzidata (database), yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa kwenye kompyuta, naijua. Kumbe nilijua kuandika amri tu. Kusanifu ni kazi nyingine, na wewe unayeanza leo nakusihi uanze na hiyo.

Nilimtambua mfugaji kwa jina. Huku kwetu Hamisi huandikwa pia Hamis, Rashidi huwa Rashid, na Athumani anaweza kuwa Athuman au Othman, inategemea nani kashika kalamu. Basi mtu mmoja anakuwa watatu, na watu wawili wanakuwa mmoja. Baada ya yale ya bibi nikakimbilia namba za simu, nako nikakwama. Excel ilizichukulia kama tarakimu za kuhesabia, ikafuta sifuri ya mwanzo. Mfugaji mmoja alibadilisha laini. Na bibi mwenyewe alikuwa akitumia simu ya mwanawe, ambaye naye ni mfugaji hapo hapo.

Kilichofaa ni namba ya uanachama. Mtu anapewa mara moja, haibadiliki, na hapewi mwingine hata mwenyewe akihama au akifariki. Wataalamu huiita ufunguo mkuu. Jina, kijiji na simu vinakaa kwenye jedwali la wafugaji peke yake, mara moja tu. Jedwali la maziwa linabeba namba, nayo huko inaitwa ufunguo wa kigeni. Ukimwandikia maziwa mfugaji namba 412 wakati namba hiyo haipo, kanzidata inakataa. Kama unatumia SQLite, programu ya kanzidata inayohifadhi kila kitu kwenye faili moja, ulinzi huo kwa kawaida umezimwa; uwashe kila unapofungua kanzidata kwa amri ya PRAGMA foreign_keys = ON. Mimi niligundua hilo nimeshachelewa.

Mawazo haya ni ya zamani. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM huko California, aliyachapisha mwaka 1970: taarifa zipangwe kwenye majedwali, na majedwali yaungane kwa thamani zilizomo, ili anayeuliza swali asihitaji kujua kitu kimehifadhiwa wapi ndani ya mashine. Lugha ya SQL ilifuata mwaka 1974, kutoka kampuni hiyo hiyo. Programu zinakuja na kuondoka, ila ukishika msingi huu, leo utatumia SQLite na kesho PostgreSQL bila kuanza upya.

Jambo la pili nililijifunza kwenye daftari la karani. Ni lile kaunta buku refu, limepigwa mistari kwa rula: majina kushoto, halafu tarehe 1 asubuhi, tarehe 1 jioni, hadi tarehe 31. Nami nikaliiga kwenye kompyuta kama lilivyo, safu wima 62 kwa mwezi. Kwa daftari ni mpango mzuri, jicho linaona mwezi mzima kwa mara moja. Kwa kanzidata ni mateso. Meneja aliponiuliza ni akina nani hawajaleta maziwa ya jioni wiki hii, nililazimika kutaja safu moja moja kwa jina, na mwezi ulipoisha nikahitaji jedwali jipya.

Sasa kila ndoo inayopimwa ni mstari mmoja: namba ya mfugaji, tarehe, kipindi, lita. Mwezi ukiwa na siku 28 au 31, jedwali halibadiliki. Ukijiona unaongeza safu kila siku zinapoongezeka, simama, hapo pana mistari unayoilaza ubavu.

Suala la bei ndilo lililonifundisha zaidi. Nilikuwa nimeshasoma kwamba taarifa moja ikae mahali pamoja, nikaiweka bei ya lita kwenye jedwali lake: shilingi 900. Malipo yalikuwa lita mara bei hiyo. Bei ilipopanda kuwa 1,000, nikabadilisha namba hiyo moja, na malipo yote ya miezi iliyopita yakapanda nayo. Ripoti zikapingana na stakabadhi ambazo watu walishasaini.

Kanuni haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyechanganya mambo mawili nikadhani ni moja. Bei ya leo ni taarifa moja, na bei aliyopewa mfugaji siku ile alipopimiwa ni taarifa nyingine, ambayo haitabadilika tena. Unaweza kuandika bei ya siku kwenye mstari wa maziwa, au ukaweka jedwali la bei lenye tarehe ya kuanza kutumika. Mimi nilichagua la pili, kwa sababu meneja hupenda kuona bei ilivyopanda na kushuka.

Mambo kama haya hayagunduliwi kwenye kompyuta. Nilikaa na karani siku mbili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, nikimwuliza kisichokuwa cha kawaida. Nikamwona akichanganya maziwa kidogo na alkoholi kwenye bomba la kupimia, yakaganda, akayakataa. "Haya unayaandika wapi?" Akanijibu hayaandikwi popote. Maana yake, mfugaji aliyekuja akakataliwa na ambaye hakuja kabisa walionekana sawa, ingawa wa kwanza huenda ng'ombe wake anaumwa na anahitaji mganga wa mifugo. Jedwali likapata safu ya matokeo ya kipimo. Chora masanduku na mistari kwenye karatasi, mwonyeshe anayefanya kazi, akukosoe. Karatasi haina gharama.

Mengine utayafikia polepole. Malipo na makato ya pumba yaweke kati ya amri za BEGIN na COMMIT, ili umeme ukikatika katikati yafanyike yote au lisifanyike lolote. Faharasa, yaani orodha zinazoharakisha utafutaji, ziongeze pale tu maswali yanapoanza kuchelewa. Na usikusanye namba za vitambulisho vya watu kwa sababu tu kuna nafasi ya kuziweka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, wale ni majirani zako.

Nakala rudufu nilikuwa nazo tangu mwanzo, kwenye flashi, na niliziamini. Siku niliyojaribu kuifungua mojawapo, haikufunguka. Nilikuwa nimenakili faili huku programu bado inaandika ndani yake. Siku hizi natumia amri ya .backup ya SQLite yenyewe, na kila Jumamosi, kabla ndoo za kwanza hazijafika, naifungua nakala kwenye kompyuta nyingine na kuhesabu mistari.