Wasomaji Wauliza: Abasia ya Fountains, tuanzie wapi?

Swali: Tunaishi Leeds, Uingereza, na tunataka kuwapeleka watoto Fountains Abbey, abasia (nyumba ya watawa) ya kale. Waliokwenda wanatuambia ni magofu matupu, ukishapiga picha umemaliza. Tutazame nini? – Mama wa watoto watatu

Jibu: Mama, wanaomaliza upesi ni wale wanaokimbilia mnarani. Una urefu wa karibu mita 50, lazima uvute macho, lakini ndiyo sehemu changa kuliko zote. Aliujenga abati (mkuu wa abasia) Marmaduke Huby, aliyeongoza kuanzia 1495 hadi 1526, na mwaka 1539 abasia ikafungwa. Isitoshe, watawa wa hapa walikuwa Wasitoo, shirika lililoanzia Cîteaux huko Ufaransa, nao Wasitoo walikuwa wamepiga marufuku minara ya mawe ya kengele tangu karne ya 12. Ukianza na mnara utadhani watawa hawa walipenda fahari toka mwanzo, kumbe walifika bondeni mwaka 1132 wakiwa 13 tu, wametoka abasia tajiri ya York wakitafuta maisha magumu zaidi.

Anzieni magharibi, kwenye ghala lenye urefu wa mita 90 hivi. Simameni katikati mtazame nguzo moja: haina kichwa wala pambo. Mbavu za dari zinachipuka kwenye shina lenyewe na kutawanyika pande zote, kama makuti ya mnazi. Chini hapo waliweka akiba, na upande wa kusini mabruda, watawa wa kazi za mikono, walipata chakula. Ghorofani ndiko walikolala. Choo chao kilijengwa juu ya mto Skell, maji yakasomba uchafu. Watoto hawatasahau hilo.

Kisha ingieni kanisani kwa mlango wa magharibi, mtoke kwenda ua wa ndani. Mashariki ya ua kuna matao matatu ya ukumbi wa mkutano, na sakafuni mtaona makaburi ya maabati. Kusini tafuteni chumba cha kuotea moto chenye meko makubwa. Juu yake palihifadhiwa hati za abasia, maana joto la chini liliukinga ukurasa na unyevu.

Kutoka Leeds, basi namba 36 linafika Ripon; abasia iko kilomita chache mbele, hivyo pangeni usafiri wa kipande hicho mapema. Tumieni lango kuu, si la Studley, la sivyo watoto watachoka kwenye bustani ya maji ya karne ya 18 kabla hawajaiona abasia. Tengeni saa tatu nzima. Vaeni viatu vyenye meno, mawe yakilowa yanateleza.

Swali: Peramiho tuna mapadre na mabruda, wote watawa. Kwa nini huko Fountains mabruda walitengwa na wenzao? – Msomaji, Songea

Jibu: Ndugu yetu, bruda wa Kisitoo wa enzi hizo aliweka nadhiri kama wenzake, ila mara nyingi hakujua kusoma, na hakuimba sala za Kilatini za kwaya. Alisali sala fupi alizozikariri, akaenda shamba. Kanisani mabruda walikaa magharibi na wamonaki, yaani watawa wa kwaya, mashariki, kukiwa na kizuizi katikati.

Jasho lao ndilo lililoleta utajiri, kwani walichunga kondoo, na sufu ikanunuliwa na wafanyabiashara wa Italia. Kosa likaja pale abasia ilipouza sufu ya miaka ya mbele, kondoo hawajanyolewa, fedha ikaliwa kwanza. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua biashara hiyo kwa jina la butura. Kondoo walipougua, sufu iliyoahidiwa haikupatikana, deni likabaki. Baada ya tauni ya 1349 mabruda wakapungua mno, na mashamba mengi yakakodishwa.

Swali: Paa la abasia hiyo lilibomolewa na vita? – Mwanafunzi, Mombasa

Jibu: Hapana. Mfalme Henry VIII alizifunga abasia zote za Uingereza. Hapa watawa walikabidhi nyumba yao Novemba 1539. Paa lilifunikwa kwa madini ya risasi, yenye bei, nayo yakabanduliwa na kuyeyushwa. Baada ya hapo mvua na barafu vikafanya kazi yao. Mwishoni mwa karne ya 16 sehemu ya mawe ikajengea jumba la Fountains Hall, ambalo bado limesimama karibu na lango la magharibi. Ukipita, litazame ukuta wake: ni mawe ya watawa.