Kwa nini amonia hutengenezwa kwenye joto kali?

Ndugu, umeuliza kwa nini viwanda hupasha gesi za kutengenezea amonia hadi nyuzi 450 za Selsiasi, ilhali kitabu chako kinasema joto hupunguza mazao. Kitabu hakijakosea, na viwanda navyo havijakosea.

Naitrojeni na haidrojeni zinapoungana hutoa joto, takriban kilojuli 92 kwa kila moli (kipimo cha kikemia cha kiasi cha dutu) ya naitrojeni, na amonia inapovunjika hufyonza kiasi kilekile. Ukipandisha halijoto, mienendo yote miwili huongeza kasi, lakini ule unaofyonza joto huongeza zaidi, hivyo msawazo mpya, yaani hali ambapo kasi za mienendo hiyo miwili zinalingana, hufikiwa kukiwa na amonia kidogo kuliko awali. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea: shinikizo husogeza msawazo bila kubadili namba yake, yaani namba inayopima uwiano wa mazao na malighafi katika msawazo, ilhali halijoto huibadilisha namba yenyewe.

Hata hivyo, katika halijoto ya chini mmenyuko huenda polepole mno, kwa kuwa atomi mbili za naitrojeni zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu kilicho imara sana, na kichocheo cha chuma hakifanyi kazi vizuri kikiwa baridi. Kwa hiyo wahandisi hukubali mazao ya asilimia 15 hivi kwa kila mzunguko, huongeza shinikizo hadi karibu angahewa 200, huipoza amonia iwe kimiminika na kuiondoa, kisha huzirudisha gesi zilizobaki.

Ili uone kwa macho halijoto ikisogeza msawazo, mwombe mwalimu akuonyeshe naitrojeni dioksidi ndani ya neli ya kioo iliyozibwa: katika maji ya moto rangi ya kahawia hukolea, katika barafu hufifia.