Jibu: Roman Holiday bado inafaa kuangaliwa?
Mkuu umeuliza kama filamu ya Roman Holiday ya 1953 inastahili muda wako, maana wengine wanaisifia na wengine wanasema inaboa na mwisho unaudhi. Mimi nasema iangalie, tena simu weka pembeni.

Wanaosema inaboa naona wanaishia zile dakika za mwanzo, binti mfalme anapokea wageni foleni nzima, lakini hebu cheki chini ya gauni pale, kavua kiatu kimoja apumzishe mguu kikaanguka, anakitafuta kwa mguu huku juu anatabasamu na kusalimia watu, hapo tu ushajua huyu dada kachoka na maisha ya ikulu. Audrey Hepburn, anayecheza huyo binti mfalme, alichukua Oscar kwa hii na alistahili kabisa!! Na ile sini ya mdomo wa jiwe, ile sura ya jiwe inayosemekana inamng'ata mkono mtu mwongo, Gregory Peck, anayecheza mwandishi wa habari, anaingiza mkono akiutoa haupo, kumbe kauficha ndani ya koti, ule mshtuko wa Audrey ni wa kweli maana hakuambiwa kabla.

Halafu waliishuti Roma kwenyewe, sio maseti ya Hollywood, ile vespa inakatiza mitaa halisi.

Mwisho sikuharibii uhondo, ila wanaotaka ubadilishwe siwaelewi kabisa. Dada kaonja uhuru siku moja, jamaa mwandishi wa habari kashika stori ya kumpa hela nzuri, kila mmoja inabidi achague, na ndo maana inauma hadi leo. Kuwa haina rangi isikutishe, muda si mrefu utasahau.