Kabla hujalipia intaneti ya nyumbani, kamuulize jirani

Siku hizi watu wananiuliza sana nifunge intaneti ya kampuni gani nyumbani, na mtu anakuuliza huku tayari ana matangazo kibao kwenye simu, hii 20 Mbps bei hii, ile 40 bei ile, ufungaji bure, mwezi wa kwanza ofa. Jibu langu ni moja tangu yatukute yaliyotukuta hapa Tabata, Dar es Salaam: hizo Mbps ziache kwanza, nenda kagonge kwa jirani anayetumia hiyo kampuni umuulize mara ya mwisho intaneti ilipokata fundi alikuja baada ya muda gani. Spidi karibu zote wanakupa wakati waya ni mzima. Waya ukiharibika ndo unaijua kampuni.

Sisi tulilipia kila kitu kwa mkupuo, ufungaji pamoja na mwezi wa kwanza, dada wa mauzo akasema kaka msijali, ndani ya siku mbili mafundi watakuwa hapo. Zikapita wiki. Ukimpigia yeye anasema suala liko kwa watu wa ufundi, ukipiga huduma kwa wateja wanasema ombi lako linafanyiwa kazi, kila anayepokea anaanza kukuuliza upya jina, mtaa, namba ya simu, kana kwamba hujawahi kupiga, na mke wangu kazi zake zote anafanyia nyumbani kwa hiyo muda wote huo tunachoma hela kwenye bando za simu. Inauma sana jamani, kwa sababu hela umeshatoa na huna pa kushika.

Walipokuja sasa, ikaonekana boksi lililo kwenye nguzo ya karibu na kwetu limejaa, hakuna tundu la kuchomeka mteja mpya. Yaani hiki ni kitu ambacho wangekijua kabla hawajapokea hata shilingi kama wangemtuma mtu mmoja kuja kuangalia. Wakavuta waya kutoka mtaa wa pili, wakaupitisha juu ya mpera wa jirani, wakauingiza dirishani, na pale kwenye kona ya fremu wakaukunja kabisa na kuubana na msumari. Nikamuuliza, fundi, huu waya mbona umekunjwa hivi? Akanambia hamna shida bro, inapitisha.

Kupitisha ilipitisha, ila haikukaa. Waya wa faiba ndani yake kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele na kinachosafiri humo ni mwanga, ukiukunja sana mwanga unavuja pale kwenye kona na unaofika kwenye kifaa chako unakuwa hafifu. Kile kiboksi cheupe kinachopokea faiba kina taa imeandikwa LOS, ikiwaka nyekundu au ikipepesa maana yake mwanga haufiki au unafika kidogo mno. Ya kwetu kila upepo ukivuma na ule mpera ukiyumba inaanza kupepesa, na ukipiga simu unaambiwa zima ruta subiri dakika tano washa. Ukiona LOS nyekundu kuzima na kuwasha hakusaidii, tatizo liko kwenye waya au huko nje, waambie hivyo hivyo kwa maneno hayo, "LOS ni nyekundu", na usikubali simu ikatwe bila kupewa namba ya tiketi, yaani namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako.

Hapo ndo nataka msome vizuri mnaotaka kufunga. Kampuni nyingi mafundi wanaofunga siyo waajiriwa wake, ni makontrakta wanaolipwa kwa nyumba, akishamaliza kwako anawahi kwingine, na anayekuja kurekebisha baadaye ni mwingine kabisa. Kwa hiyo ukaguzi ufanye fundi akiwa bado yupo ndani. Wana kipimo kidogo cha mkononi cha kupimia nguvu ya mwanga, mwambie akichomeke mbele yako na usome namba. Inakuja na alama ya kutoa, na kadiri inavyosogea kuelekea -27 ndivyo unavyokuwa ukingoni mwa kupoteza mawasiliano. Ikisoma kama -19 au -20 hapo uko salama, ikisoma -26 mwambie arudie kuunga kabla hujamsainia karatasi. Piga picha hiyo namba, piga picha njia yote waya ulipopita, ndani na nje. Fundi mzuri hakasiriki ukifanya hivi, mwenyewe ndo anakuonyesha.

Na kabla ya hapo kabisa, kabla ya kutoa hela, dai waje wafanye sevei, yaani waje kukagua eneo lako. Waulize boksi lipi watachukulia laini na kama lina nafasi. Tarehe ya kufunga waiandike kwenye WhatsApp au sms, siyo ya kuambiwa kwa mdomo, na uulize wasipofika tarehe hiyo hela inarudi vipi. Malipo yaende kwenye lipa namba ya kampuni upate risiti, fundi akikwambia nitumie mimi hapa nitakuunganisha leo leo usikubali hata kama umechoka kusubiri. Halafu jaribu kupiga huduma kwa wateja yao Jumapili jioni ukiwa bado siyo mteja. Kama wakati wanakutaka hawapokei, ukishalipa watapokea?

Kwa jirani usiishie kwenye mafundi tu. Muombe akufanyie spidi testi saa mbili usiku mpaka saa nne hivi, maana asubuhi kila kampuni inakimbia. Ile laini unagawana na wenzako wa mtaani, faiba ya aina inayofungwa majumbani mara nyingi ina kama gigabiti 2.5 zinazogawanywa kwa nyumba 32 au 64, kwa hiyo watu wakirudi kazini wakafungua mpira na filamu ndo unaona kama kampuni imejaza wateja kupita uwezo. Hata ya satelaiti haikwepi hili, Kenya wameipata Starlink tangu 2023 na mwaka uliofuata ikabidi isimamishe kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilijaa.

Pia jua unachonunua. 20 Mbps ni megabiti 20 kwa sekunde, siyo megabaiti 20, ukitaka megabaiti unagawanya kwa nane, unapata 2.5. Familia ya watu wanne watano inatosha kabisa, usiuziwe kubwa eti ndo haitakata, kukata hakuhusiani na ukubwa wa kifurushi. Na kama chumba cha uani haifiki, hiyo ni waifai yako na kuta za tofali, siyo kampuni, sogeza ruta katikati ya nyumba au ongeza ya pili. Umeme nao ukikatika kile kiboksi cha faiba na ruta vyote viwili vinazima, tafuta UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, sisi imetusaidia mno.

Kuna siku pia kosa siyo la kampuni yako peke yake. Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikaumia, hapo hata ungehama ungeenda kukuta hali ni ile ile au inakaribia. Ila hata siku kama hiyo kampuni inayojali inakutumia ujumbe kueleza kilichotokea, na nyingine inakaa kimya mpaka wateja wasome mitandaoni. Angalia hilo nalo.

Mkishindwana kabisa, malalamiko yanaanzia kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, email au barua, ukiweka zile namba za tiketi zote na tarehe. Wasipokujibu au wasipokutatulia ndo unapeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanapokea malalamiko ya wateja na hailipiwi. Sisi tulipoandika barua yenye picha za ule waya kwenye mpera na orodha ya tiketi, walikuja watu wengine kabisa, tena wana ngazi, wakapitisha waya kwenye nguzo na kuunga upya, lakini kufikia hapo mke wangu alishapoteza kazi ya mteja mmoja na sisi tulishaamua kuhama. Hii tuliyo nayo sasa ni ghali kidogo, na tuliichagua kwa sababu mama mwenye duka hapa kona alituambia ya kwake ilikata asubuhi na jioni ile ile walikuwa juu ya nguzo.

Ukihama, ruta yao irudishe ofisini mwenyewe na udai karatasi ya kupokelewa yenye namba ya kifaa, na barua ya kusitisha wagonge muhuri kwenye nakala yako, vinginevyo bili inaendelea kuhesabika kwa jina lako.