Ami yangu amenicheka nikililia meli ya katuni

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Mkomani hapa Lamu, kazi yangu kuvusha abiria na mashua kwenda Shela na Manda. Juzi usiku nilikuwa barazani natazama One Piece, ile katuni ya Kijapani ya maharamia, kwa simu, ile epizodi wanaichoma meli yao Going Merry, machozi yakanitoka bila kujua, ami akaniona akanambia mwanamume mzima walilia katuni! Nina kasoro? Na rafiki yangu anashikilia kwamba utamu wote uko kwa manga, yaani kitabu cha michoro, anime, yaani katuni ya kutazama, ni kumaliza bando tu. Nambie ukweli.
Baharia wa Mkomani

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Huna kasoro yoyote, mimi epizodi hio nimeitazama mara nne na mara zote nne nimelia.

Nikwambie kwa nini. Mimi nimezaliwa Matondoni na baba yangu alikuwa fundi wa majahazi. Kuna siku, nilikuwa mdogo sana, walilivuta jahazi la mtu ufuoni litiwe kalafati, baba akaingia chini na nyundo yake akawa apiga mbao moja moja toka fashini kuja mbele huku asikiliza, ko, ko, ko, mara pahali ikalia vingine, akarudia papo hapo, akarudia tena, kisha akaweka nyundo chini akamwambia mwenyewe, mkuku umekwenda, yaani ule mti mrefu wa chini ya chombo. Yule mzee hakujibu kitu. Alisimama akawa alipapasa ubavu lile jahazi kama mtu apapasa ng'ombe mgonjwa.

Sasa miaka imepita nimekaa natazama One Piece, nahodha Luffy na mabaharia wake wako kule Water 7 mji wa mafundi wa meli, fundi Kaku anaenda kuikagua Merry anarudi na habari kwamba mkuku umevunjika na meli haitengenezeki tena, na wanaelezwa kwamba mkuku ndio mti wa kwanza kulazwa, mataruma na mbao zote zimejengewa juu yake, hata ukiunda nyingine ya kufanana nayo haitakuwa hio. Wallahi niliruka kitini! Hayo ndiyo maneno ya Matondoni, na aliyeyaandika ni Mjapani, Eiichiro Oda, ambaye hajui kama kuna kijiji kinaitwa hivyo. Usopp, mmoja wa mabaharia hao, anakataa kabisa kusikia, anapigana na nahodha wake Luffy kwa ajili ya meli, na watu wengi humuona mjinga lakini mimi namuelewa sana, maana yeye ndiye aliyekuwa akiizibaziba kwa mabati na misumari tangu rafiki yake Kaya alipowapa.

Na kule Skypiea, kisiwa cha mawinguni, usiku kwenye ukungu Usopp alimuona mtu kashika nyundo aikarabati meli, kumbe ni roho ya meli yenyewe, mabaharia wa Ulaya wanaita Klabautermann, huonekana kwa chombo kilichopendwa. Mtu wa bara unaweza kumuelezea hilo mpaka kesho, sisi huku hatuelezwi.

Haya, manga au anime. Manga ndiyo asili, ilianza 1997 kwenye jarida la Weekly Shonen Jump, na mchoro wa Oda ni moto, rafiki yako hapo hajakosea. Lakini kwa Merry mimi niko upande wa anime, simuachii mtu. Nimesoma sura ya 430 na nimetazama epizodi ya 312, ni kisa kile kile, ila karatasi unaifungua kwa mwendo wako, ukiumia unageuza ukurasa haraka ukaokoka. Anime haikuruhusu. Theluji inaanguka polepole, moto unapanda, Luffy amesimama kimya kashika mwenge, halafu Merry inaomba radhi kwamba ilitaka kuwafikisha mbali zaidi, na hapo Luffy anapasuka, anaitajia makosa yake yote, kwamba hajui kushika usukani akaigonga kwenye barafu, akairarua tanga, mabaharia wake Zoro na Sanji nao wakavunja vitu. Sauti ni ya mama mmoja anaitwa Mayumi Tanaka, amekuwa Luffy tangu anime ianze Oktoba 1999, na pale sauti inapokatika si maigizo tena, ni mtu kafiwa. Karatasi haina pumzi hio.

Ila bando, hapo kweli. Toei, wanaoitengeneza anime, wanavuta sana, kisa cha Dressrosa peke yake ni epizodi zaidi ya 100 na nyingine zinabeba sura moja tu ya manga, hapo soma kitabu usijitese.

Na ami usigombane naye. Usimuanzishe na moto, hataelewa kinacholiliwa. Muwekee pale Kaku anapoenda kukagua, umfasirie kwa Kiswahili maana sabtaito zitamkimbia, ikifika kwenye mkuku simamisha simu, umuulize mashua yake ya kwanza iliishia wapi.